Kifua Kinachobana na Chupa ya Damu: Hotuba kwa Watumishi wa Afya wa Kanda ya Ziwa, Mwanza

Ndugu Mwenyekiti, waganga wafawidhi wa hospitali, vituo vya afya na zahanati, madaktari, matabibu, wauguzi, wataalamu wenzangu wa maabara, pamoja na wagonjwa na ndugu zao mlioitikia mwaliko wetu: nawashukuru kwa kunipa nafasi hii, na kwa wenyeji wa hapa nasema mwangaluka.

Nimeombwa nizungumzie vipimo vya damu vinavyotusaidia kujua mapema, kati ya watu wenye maumivu ya kifua yanayotoka kwenye moyo, ni nani aliye karibu zaidi na shambulio la moyo, moyo kushindwa kufanya kazi, kiharusi au kifo. Mimi si daktari wa moyo. Ni mtaalamu wa maabara, na kwa miaka 19 kazi yangu imekuwa kupokea chupa ya damu, kuipima, na kuandika namba ambayo mtu mwingine ataisoma na kuifanyia uamuzi. Kwa hiyo nitazungumza nikiwa upande wa dirisha la kupokelea sampuli, na jambo ninalotaka mwondoke nalo ni moja: kwa mgonjwa wa anjaina, yaani hayo maumivu ya kifua yanayotoka kwenye moyo, wa ukanda huu, vipimo vya bei nafuu vilivyochukuliwa kwa uangalifu vinatabiri mengi kuliko tunavyodhani, na vile vipya vya gharama kubwa vina kazi yao, lakini kazi hiyo ni finyu kuliko inavyotangazwa.

Nianze na ugonjwa wenyewe. Mwaka 1768, mbele ya madaktari wenzake jijini London, William Heberden alieleza ugonjwa wa kifua unaowashika watu wanapotembea, hasa wakipanda mlima na hasa wakiwa wametoka kula, kisha ukawaachia mara wanaposimama. Hakuwa na kipimo cha umeme wa moyo wala maabara. Alikuwa na masikio na subira, na maelezo aliyotoa yangeweza kuandikwa jana na mganga wa zahanati yoyote ya jiji hili. Mji wetu umekaa juu ya mawe. Watu wa Igogo, Mabatini na Isamilo hupanda ngazi za mawe kila jioni kurudi nyumbani, na mgonjwa wa anjaina huja akatueleza kwa usahihi ambao hakuna mashine inayoupita: «Nikifika kwenye lile jiwe la pili kifua kinanibana, nikikaa dakika tano kinaachia, nikiamka naendelea.» Mishipa inayolisha misuli ya moyo imesinyaa kwa mafuta na makovu, mtu akiwa amekaa damu inatosha, akipanda mlima haitoshi, na misuli inalalamika. Wanawake wengi, wazee, na wenye kisukari hawaji na maelezo hayo. Huja wakisema wanaishiwa pumzi, au wanachoka kuliko zamani, au wanaumwa chembe ya moyo, na tumewapa wengi wao dawa za vidonda vya tumbo kwa miezi mingi kabla ya mtu yeyote kuuliza kama maumivu yanakuja wakipanda mlima.

Sasa, tunaposema kipimo kinatabiri, tunasema nini hasa? Tukimwambia mtu kwamba hatari yake ni asilimia 20 kwa miaka mitano, maana yake ni kwamba tukikusanya watu 100 wanaofanana naye, takriban 20 watapatwa na tukio katika muda huo na 80 hawatapatwa, na hakuna chupa ya damu inayoweza kutuambia yeye yuko kundi lipi kati ya hayo mawili. Kuna jambo la pili, nalo husahaulika zaidi. Kipimo kipya hakistahili kupimwa kwa swali la kama kinahusiana na ugonjwa, kwa kuwa vitu vingi vinahusiana na ugonjwa. Swali ni kama kinatuongezea kitu juu ya yale tuliyokwisha kujua bure kwa kumwangalia mgonjwa na kumuuliza umri wake, kama anavuta sigara, kama ana kisukari, kama aliwahi kupata kiharusi, na maumivu yanamjia mara ngapi kwa wiki.

Kuna kazi moja iliyochapishwa mwaka 2005 ambayo natamani ibandikwe ukutani katika kila maabara. Watafiti waliwachambua wagonjwa wa anjaina walioshiriki jaribio kubwa la dawa ya nifedipini lililoitwa ACTION. Wagonjwa 7,311 walifuatiliwa kwa wastani wa karibu miaka mitano, na katika muda huo 1,063 walifariki, au walipata shambulio la moyo, au walipata kiharusi cha kulemaza. Watafiti walirudi nyuma wakauliza ni taarifa zipi za siku ya kwanza zilizokuwa zikiashiria hayo, wakabaki na taarifa 16. Nyingi zinatoka kwenye maelezo ya mgonjwa na kifaa cha presha: umri, jinsia, sigara, kisukari, kiharusi au shambulio la moyo la awali, idadi ya dawa za anjaina anazotumia, anjaina inayokuja angalau mara moja kwa wiki, presha ya juu. Zilizotoka kwenye damu zilikuwa tatu tu, nazo ni kreatinini, sukari iliyopimwa saa yoyote bila kufunga, na idadi ya chembe nyeupe. Kwa taarifa hizo 16 waliweza kuwatenganisha watu ambao hatari yao ya miaka mitano ilikuwa asilimia 4 na watu ambao hatari yao ilikuwa asilimia 35. Tafadhali zitazameni tena zile tatu za damu. Mnazifahamu. Hakuna hata moja inayohitaji kuagiza vitendanishi vya ajabu, na maabara nyingi zilizowakilishwa katika ukumbi huu zinavipima vyote vitatu kabla ya saa nne asubuhi.

Nikae kidogo kwenye kila kimoja, kwa sababu hapa ndipo tunapokosea.

Kreatinini ni taka ya misuli inayotolewa na figo, na ikipanda inatuambia figo zimechoka. Mishipa midogo ya figo huharibiwa na yale yale yanayoharibu mishipa ya moyo, na figo zikishachoka nazo huusukuma ugonjwa mbele kwa kupandisha presha, kupunguza damu mwilini na kuigumisha mishipa kwa chokaa. Lakini namba ya kreatinini peke yake inadanganya. Mzee aliyekonda ana misuli kidogo, anatoa taka kidogo, na kreatinini yake inaweza kuonekana ya kawaida huku figo zake zikifanya nusu ya kazi. Ndiyo maana tunatakiwa kuandika makadirio ya uchujaji wa figo kwa kutumia umri na jinsia, na kwa hilo niwaombe mhakikishe mashine zenu zinatumia fomula ya mwaka 2021. Fomula za zamani ziliongeza kizidisho kwa kila mtu mweusi, kizidisho kilichotokana na Wamarekani weusi na ambacho tafiti za Afrika zilionyesha hakitufai, na matokeo yake ni kwamba figo za mgonjwa wetu zilionekana nzima kuliko zilivyokuwa.

Kuhusu sukari nina deni la kukiri mbele yenu. Katika mwaka wangu wa pili kazini ilinifikia sampuli kutoka kisiwani. Damu ilitolewa saa moja asubuhi ikawekwa kwenye chupa ya kifuniko chekundu, ikasubiri boti, ikasafiri kwenye mfuko wa plastiki juani, na ilipofika dirishani kwangu ilikuwa saa tisa alasiri. Nilizungusha, nikapima, nikapata 6.1, nikaandika kwamba ni ya kawaida. Mgonjwa alikuwa mvuvi wa makamo mwenye kifua kinachobana anapovuta nyavu. Miezi michache baadaye aliletwa akiwa na kidonda cha mguu kilichooza na sukari ya 19, na nilipotafuta daftari la zamani nikaona jina lake na mwandiko wangu. Chembe za damu ni hai hata zikiwa ndani ya chupa. Zinaendelea kula sukari, na katika joto la kawaida hupunguza takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa. Namba niliyoandika ilikuwa sahihi kwa damu iliyokuwa ndani ya chupa na haikuwa sahihi kwa yule mzee. Tangu siku hiyo sipokei sampuli ya sukari isiyoonyesha saa ya kutolewa. Kama kituo kiko mbali, pimeni kwa glukomita pale pale mgonjwa alipo, au tumieni chupa ya kifuniko cha kijivu yenye dawa ya kuzuia chembe zisile sukari, na mwandike saa. Na msikimbilie kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kana kwamba hakina kasoro: katika kanda hii wapo wengi wenye selimundu, na mtu ambaye chembe zake nyekundu huvunjika mapema ataonyesha wastani wa chini kuliko ukweli.

Chembe nyeupe zinatupa picha ya mchochota, yaani mwili kupambana na jeraha au maambukizi, unaoendelea ndani yetu, na mchochota ni sehemu ya ugonjwa wa mishipa tangu mwanzo wake. Ila viwango vya kawaida vilivyochapishwa kwenye karatasi za mashine zetu vimetoka kwa watu wa Ulaya. Waafrika wengi wana chembe nyeupe chache kwa asili, bila ugonjwa wowote, kwa sababu ya urithi wa chembe nyekundu uliohusishwa na kinga dhidi ya aina mojawapo ya malaria. Idadi inayosomwa kuwa ya katikati kwa mtu wa London inaweza kuwa imepanda kwa mtu wa Ukerewe. Kinachonisaidia mimi ni kumlinganisha mgonjwa na nafsi yake: picha ya damu, yaani hesabu ya chembe zake, ya mwaka jana, ya mwaka juzi, na ya leo.

Picha hiyo hiyo ya damu inabeba kitu kingine ambacho hakikuwa kwenye orodha ya wale watafiti lakini kwa ukanda wetu nakiweka mbele kabisa, nacho ni hemoglobini, protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni. Alikuja mama mmoja anayebeba ndoo za dagaa katika mwalo wa Kirumba. Kifua kilikuwa kikimbana kila akipandisha ndoo kutoka ufukweni hadi kwenye chanja za kukaushia, na mkononi alikuwa na bahasha ya vipimo alivyolipia katika maabara moja ya binafsi, kifurushi kilichouzwa kama vipimo vya moyo. Ndani mlikuwa na protini tatu ambazo hata mimi ilinibidi nisome upya kitabu, mbili zikiwa zimewekewa mshale mwekundu wa kupanda. Alikuwa hajalala siku nne kwa hofu. Nilimwomba aniangalie, nikavuta chini ukope wa jicho lake, na sehemu ambayo ingekuwa nyekundu ilikuwa nyeupe kama ubani. Hemoglobini yake ilikuwa 6.4. Katika kurasa zote zile alizolipia hapakuwa na picha ya damu. Mishipa yake ya moyo ilikuwa na ugonjwa, hilo daktari alilithibitisha baadaye, lakini damu nyepesi kiasi hicho haiwezi kubeba oksijeni ya kutosha hata kupitia mshipa mzima, na alipotibiwa minyoo, kichocho na upungufu wa madini ya chuma, alirudi akasema anapandisha ndoo mbili kabla ya kuhisi kitu. Sisemi kwamba maabara ile ilikuwa na nia mbaya. Nasema kwamba mtu aliuziwa hofu na akanyimwa kipimo kilichokuwa kinamhusu.

Baada ya hayo, ndipo nizungumzie vipimo vipya, na nitavizungumzia kwa heshima, kwa sababu viwili kati yake vinastahili.

Cha kwanza ni kile kinachoitwa NT-proBNP. Ni kipande cha protini kinachotolewa na misuli ya moyo pale ukuta wake unapovutwa kupita kiasi. Jamaa yake, BNP, aligunduliwa na watafiti wa Japani mwaka 1988 katika ubongo wa nguruwe, na ndiyo sababu herufi ya kwanza ya jina lake, B, ni ya ubongo (brain kwa Kiingereza), ingawa baadaye ilidhihirika kwamba chanzo chake kikuu ni moyo. Mwaka 2005 watafiti wa Denmark walichapisha habari za wagonjwa 1,034 wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo uliotulia, waliofuatiliwa kwa takriban miaka tisa, ambapo 288 walifariki. Waliokuwa katika robo ya juu ya kipimo hiki walikufa kwa kiwango cha zaidi ya maradufu ya walio katika robo ya chini, hata baada ya kuhesabu umri, presha, kisukari, nguvu ya moyo kusukuma damu na mengineyo. Hiyo ni nguvu ya kweli. Kwetu kipimo hiki kina sifa nyingine ambayo vitabu vinaitaja kwa mstari mmoja tu: kinavumilia safari. BNP yenyewe huharibika kwenye chupa ndani ya saa chache, lakini NT-proBNP hukaa siku kadhaa katika joto la kawaida bila kubadilika sana, kwa hiyo sampuli ya Ukerewe au ya Nansio kwenyewe inaweza kufika Mwanza ikiwa bado inasema ukweli. Ikumbukwe tu kwamba uzee, figo mbovu na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio huipandisha, na unene huishusha.

Cha pili ni troponini, protini inayoisaidia misuli ya moyo kujikunja, na ambayo huvuja kwenye damu chembe za misuli zikiumia. Wote mnaijua kama kipimo cha shambulio la moyo, ambapo tunapima mara mbili kwa kupishana saa chache ili kuona kama inapanda au inashuka. Vipimo vya kisasa vyenye unyeti wa juu huihesabu kwa nanogramu, yaani sehemu moja ya bilioni ya gramu, kwa kila lita, na kwa unyeti huo tuligundua kwamba hata moyo wa mtu aliyetulia nyumbani huvuja kidogo kidogo. Katika utafiti wa PEACE, uliochapishwa mwaka 2009, troponini ilionekana kwa asilimia 97.7 ya wagonjwa 3,679 wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo uliotulia, na kwa asilimia 11.1 ilikuwa imevuka kiwango cha juu cha watu wenye afya. Kadiri ilivyokuwa juu ndivyo vifo vya moyo na moyo kushindwa vilivyoongezeka. Kilichonishangaza nilipousoma ni kwamba haikuashiria mashambulio ya moyo ya baadaye baada ya mambo mengine kuhesabiwa. Inasema misuli inachakaa; haisemi ni lini mshipa utaziba. Tabibu anayeipokea namba hiyo anatakiwa kujua inajibu swali gani, na pia anatakiwa kujua kwamba troponini iliyopanda kidogo na kubaki pale pale kwa mgonjwa wa figo haimfanyi mgonjwa huyo kuwa na shambulio la moyo usiku huo. Na sisi wa maabara tusipime troponini kwenye damu iliyogeuka ya waridi kwa sababu chembe zimepasuka wakati wa kutoa, kwani majibu yanaweza kuharibika, na mashine inaweza isituambie.

Vipimo hivi viwili, pamoja na lehemu mbaya (LDL), umri, sigara, kisukari na ugonjwa wa mishipa ya miguu, viliunganishwa mwaka 2017 kuwa kipimo kimoja cha hatari kilichojengwa kutokana na wagonjwa zaidi ya 13,000, nacho kinafanya kazi vizuri. Hospitali yenye uwezo ikitaka kuongeza vipimo viwili juu ya vile vya msingi, iongeze hivyo.

Kuhusu protini ya damu iitwayo CRP nitasema zaidi kwa sababu ndiyo inayouzwa zaidi mitaani. Iligunduliwa mwaka 1930 huko New York katika damu ya wagonjwa wa nimonia, na jina lake linatokana na kitu kilicho kwenye ukuta wa bakteria wa nimonia. Ini huitengeneza kwa wingi ndani ya saa chache mwili unapopata mchochota wa aina yoyote. Wataalamu wa moyo huitumia katika viwango vya chini sana, wakiita chini ya miligramu 1 kwa lita hatari ndogo na juu ya 3 hatari kubwa, na wao wenyewe wanasema ikivuka 10 itafutwe chanzo kingine na kipimo kirudiwe. Sasa fikirieni mtu anayeishi kando ya ziwa hili. Ana kichocho cha miaka mingi, amepata malaria mwezi uliopita, jino limeoza, mguuni kuna kidonda cha mwiba wa samaki. CRP yake ya 6 inazungumzia mishipa ya moyo au inazungumzia jino? Kipimo hakiwezi kujibu. Hata huko ambako malaria hakuna, uchambuzi wa mwaka 2010 uliokusanya tafiti 83 za CRP kwa wagonjwa wa mishipa ya moyo waliotulia ulionyesha kwamba tafiti zenye majibu mazuri ndizo zilizochapishwa zaidi, na kwamba nyingi hazikuhesabu vizuri yale yanayojulikana tayari, kiasi kwamba nguvu yake halisi ilishindwa kuthibitishwa.

Nikiri kwamba mchochota wenyewe ni jambo la kweli. Jaribio la CANTOS la mwaka 2017, lenye wagonjwa 10,061 waliowahi kupata shambulio la moyo na wenye CRP iliyopanda, lilionyesha kwamba dawa inayozima mchochota bila kugusa lehemu ilipunguza matukio kwa takriban asilimia 15. Jaribio hilo hilo lilionyesha pia ongezeko la vifo vitokanavyo na maambukizi. Katika kanda yenye kifua kikuu, sentensi ya pili ina uzito kuliko ya kwanza.

Lehemu ina nafasi ya pekee. Mwaka 1994 utafiti wa nchi za Skandinavia uliowahusisha watu 4,444 wenye anjaina au waliowahi kupata shambulio la moyo ulionyesha kwamba simvastatini, dawa ya kupunguza lehemu, ilipunguza vifo vyote kwa asilimia 30. Siku hizi kila mwenye anjaina anastahili statini, yaani dawa ya jamii hiyo, kama hana kizuizi, awe na lehemu ya juu au ya wastani, kwa hiyo tunapima lehemu mbaya ili kujua kama dawa inafanya kazi na kama inamezwa. Sijui namna nzuri zaidi ya kutumia kipimo. Ipo pia lipoprotini(a), aina ya chembe inayobeba lehemu, ambayo mtu huirithi, hupimwa mara moja tu maishani, na kwa wastani huwa juu zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Nayo isubiri mpaka bei yake ishuke.

Mtauliza: tukishajua kwamba hatari ni kubwa, tunafanya nini? Wengi huwaza safari ya Dar es Salaam na kuzibuliwa mishipa, na wapo wanaoihitaji kwelikweli, hasa wale ambao maumivu yanazidi kila wiki au yanakuja wakiwa wamekaa. Lakini jaribio la ISCHEMIA la mwaka 2020, lenye wagonjwa 5,179 waliotulia, halikuona kwamba kuanza na kuzibua mishipa kunapunguza vifo au mashambulio ya moyo kuliko kuanza na dawa. Kilichoboreka ni maumivu kwa wale waliokuwa nayo. Aspirini, statini, presha iliyoshuka, sukari iliyodhibitiwa, sigara iliyoachwa, damu iliyoongezeka: haya yote yanaweza kufanyika Sengerema, Magu na Nansio. Mwenye namba mbaya ndiye anayetakiwa kufuatwa nyumbani akikosa kliniki, kabla ya wengine wote. Kama kipimo hakitabadilisha nani anafuatwa nyumbani, basi fedha yake ingenunua dawa za miezi kadhaa.

Namba za tafiti nilizozitaja leo zimetoka kwa sehemu kubwa kwa watu wa Ulaya na Amerika. Sijui hata moja iliyotokana na mtu aliyekua akioga ziwani. Ndiyo sababu wenzangu wachache na mimi tumeanza daftari la wagonjwa wa anjaina wa ukanda huu, na ninawaomba vituo vyenu viingie. Kwa kila mgonjwa tunaandika umri, jinsia, sigara, presha, maumivu mara ngapi kwa wiki na akifanya nini, kisha kreatinini, sukari na saa ya kutolewa, picha kamili ya damu, lehemu, na majibu ya malaria na kichocho ya siku hiyo hiyo. Pale inapowezekana tunahifadhi chupa moja ndogo kwenye friza, mgonjwa akiwa ameelezwa na ameridhia kwa sahihi yake. Baada ya hapo ni kumtafuta kila mwaka kwa miaka mitano na kuandika kilichompata.

Madaftari yako kwenye meza karibu na mlango wa kutokea, moja kwa kila wilaya. Safu ya mwisho kulia ni ya namba ya simu ya ndugu wa pili, na ninaomba msiiache wazi, kwa sababu wavuvi huhama kambi samaki wakihama, na katika majaribio ya mwaka jana wale tuliowapoteza karibu wote walikuwa na namba moja tu ya simu, yao wenyewe, iliyoangukia majini.